Mtu wa Ruzuku

Ukitaka kumfurahisha Vumilia, usimsifie nguo wala upishi. Muulize tu analipwa na nani. Hapo atakaa sawa kwenye kiti, atashusha pumzi, atakwambia: "Mimi nalipwa na jasho langu. Hela ya serikali sijawahi kuila, wala sitaila." Ndivyo alivyokuwa, angalau, mpaka majira ya baridi yaliyopita.

Maneno hayo aliyasema mbele yangu mara nyingi, akijua vizuri kwamba mimi naila. Jina langu Winifrida. Nahudumia wazee majumbani mwao, nalea watoto wawili peke yangu, na kila mwezi serikali ya Sweden inaniongezea kidogo kwenye kodi ya nyumba yangu hapa Hagsätra. Wenyewe wanaita bidrag. Sisi tuliotoka Tanzania tunaita ruzuku, kama ile ya mbolea. Niliiomba mwenyewe, nikaeleza hali yangu, nikapewa, na watoto wangu wanalala pa joto. Sikujua kwamba ni jambo la aibu mpaka Vumilia aliponijulisha.

Vumilia ni mtu wa Mbozi, kwa wakulima wa mahindi na kahawa. Alikuja huku akimfuata mumewe, Boniface, aliyekuja kusomea mambo ya misitu akaishia kwenye maghala ya Jordbro, anapanga mizigo. Kwa miaka mingi Vumilia alikaa nyumbani na watoto. Mtu aliyezoea kupanda, kupalilia na kuvuna, ukimweka kwenye vyumba viwili na theluji dirishani, taratibu anaanza kujiona si mtu. Alienda kozi ya Kiswidi. Alienda kozi ya kutafuta kazi, halafu kozi nyingine ya namna ya kuomba kazi, na kila aliporudi alisema, "Leo tena nimefundishwa kutafuta." Kwa hiyo alipopata kazi jikoni, kwenye kantini ya jengo moja la ofisi kule Kista, furaha yake ilikuwa halali. Hilo simnyimi.

Sasa, sisi Waswahili wa Stockholm tuna desturi yetu. Tunakutana Jumapili moja kila mwezi kwenye ukumbi chini ya maghorofa, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi na Waganda wachache wanaovumilia Kiswahili chetu. Mtu akipata kazi, kibali au mtoto, hatangazi kwenye simu. Anapika, anakuja, anasimama mbele ya watu anashukuru. Asiyeshukuru anaonekana mchoyo, kwamba amepata akajifungia nacho ndani. Na anayeshukuru hujisahau kidogo, maana kipaza sauti ni kitamu.

Vumilia alijisahau zaidi ya kidogo. Alivaa gauni la kitenge lenye mikono ya kupuliza, akasimama, akasema walioomba ile kazi walikuwa wengi, wenye vyeti, hata Waswidi wenyewe, lakini yule mama wa kantini alimtazama mikono akasema ninamtaka huyu. Tukapiga makofi. Angeishia hapo tungekula kwa amani. Lakini akaendelea kwamba kuna wenzetu humu ndani wana mikono miwili mizima, na kazi yao ni kungoja ruzuku mwisho wa mwezi. "Mungu hakutuvusha mpaka Ulaya tuje kuwa ombaomba wa serikali," alisema, na watu wakacheka, na baadhi yao wakanitazama mimi kabla hawajakumbuka kutazama pengine. Nikainamia sahani yangu. Pilau lake lilikuwa zuri sana, na hilo nalo liliniudhi.

Tangu siku hiyo nyuma yake tulimwita Mama Jasho. Mbele yake tuliendelea kumwita Mama Ella, kwa jina la binti yake mkubwa.

Haya ninayoyaeleza sasa amenieleza yeye mwenyewe, amekaa jikoni kwangu, macho yake kwenye kitambaa cha meza. Alikuja kwangu kwa sababu, alivyosema, mimi ndiye niliyekosewa naye kwanza. Nayaeleza kama alivyoyaeleza, na pale niliposikia raha nitasema, maana sipendi kujifanya malaika.

Ilikuwa mwezi wa pili. Kantini ilikuwa inapata mfanyakazi mpya, mwanamke anayeitwa Adelina, Mkongo wa Uvira. Kiswidi chake kilikuwa bado cha salamu, Kiingereza hana, Kifaransa anacho lakini jikoni pale hakuna mwingine wa kukijibu. Nora, mkuu wa kantini, akamwomba Vumilia awasaidie kutafsiri. Vumilia alifurahi mno. Aliniambia hata aliosha uso kwanza.

Wakakaa watatu kwenye kiofisi kilicho kando ya chumba cha baridi. Nora si mtu wa maneno mengi, wala hazungushi. Akaanza na saa za kazi, viatu visivyoteleza, kofia ya nywele, mahali pa kuning'iniza koti. Vumilia akawa anatafsiri vizuri, na kuongeza ushauri wake mwenyewe juu ya mtu gani jikoni ni mkali na nani ni mvivu. Kisha Nora akasema jambo jingine, kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza viatu.

"Mwambie pia kwamba sehemu kubwa ya mshahara wake tunarudishiwa na serikali. Wanamsaidia mwajiri anayemchukua mtu aliyeingia nchini karibuni, au aliyekaa muda mrefu bila kazi. Asiwe na wasiwasi, ni jambo la kawaida, haki zake ni zile zile za kila mtu. Wewe mwenyewe tulikuchukua hivyo hivyo, na mpaka leo tunalipiwa."

Vumilia alielewa kila neno. Kiswidi chake si kibaya, na hayo yalikuwa maneno mepesi. Akauliza tu, "Mimi?" Nora akasema ndiyo, huku akishangaa kidogo, maana siku ya kuandikishana walikaa hapo hapo, yeye na mumewe, na mambo yote yalielezwa. Vumilia akaikumbuka siku hiyo. Aliyakumbuka mawingu nje ya dirisha, na kidole cha mtu kikimwonyesha pa kutia sahihi, na moyo wake uliokuwa unadunda hata hasikii. Alikuwa anafikiria atapika nini.

Adelina alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, anangoja kuelezwa.

Vumilia akamgeukia, akasema: "Anasema mshahara wako wewe unalipwa na serikali. Ni ruzuku. Sisi wengine tunalipwa na kampuni."

Aliniambia kwamba hakupanga. Mdomo ulitangulia. Alikuwa anajikinga, kama mtu anayenyanyua mkono akirushiwa kitu. Mimi nadhani mtu anayejikinga huwa hana muda wa kutunga sentensi safi namna ile, lakini sikumwambia.

Adelina alifikiri kidogo, akaanza na "kwa hiyo" ya Kifaransa. "Donc mi si mutu wa kampuni?"

"Si hasa," Vumilia akasema.

"D'accord, mama. Haina shida. Nitatumika na nguvu yote, wataona."

Nora akauliza kama mgeni ana swali lolote. Vumilia akajibu kwamba hana, na kwamba ameshukuru sana.

Hapo jikoni kwangu ndipo nilipocheka. Nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa amepewa kioo na kipaza sauti. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Yeye hakucheka wala hakukasirika, alingoja nimalize, akaendelea.

Mchana ule aliporudi nyumbani alimkuta Boniface ametoka zamu ya asubuhi, anamenya viazi. Akamuuliza kama alijua. Boniface akasema alijua. Akamuuliza kwa nini hakumwambia, na mumewe akaweka kisu chini.

"Ulikuwa umefurahi," alisema. "Na ulikuwa umeshanunua mchele wa pilau."

Kisha akauliza kuna ubaya gani. Kazi si anaifanya? Sufuria si anazibeba kwa mikono yake? Serikali ikimsaidia tajiri amwajiri mtu aliyeachwa nje, aliyeibiwa hapo ni nani? Boniface ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyatumia yote. Ubaya wote alikuwa ameutengeneza yeye, kwa maneno yake, mbele ya ukumbi mzima. Mkuki ulikuwa mtamu kwa nguruwe. Usiku wa deni haukawii kucha, na asubuhi alipanda treni ya kwenda mjini, akabadilisha akapanda treni ya laini ya bluu mpaka Kista, akiomba njia nzima Adelina asiwe amefika.

Adelina alikuwa amefika. Alikuwa anafika kabla ya wote. Alisimama mlangoni kwenye baridi mpaka mwenye ufunguo aje, na akiingia anakwenda moja kwa moja kwenye masufuria yale makubwa ya supu ambayo wengine huyakwepa. Aliyasugua kana kwamba ameyaazima na atayarudisha. Akimwaga maji kidogo anaomba msamaha kwa kila aliye karibu, hata kwa mashine ya vyombo. Wapishi walimpenda, na kumwonea huruma kidogo, bila kujua kwa nini.

Kila siku saa nne na nusu, kabla wahandisi hawajaanza kushuka kutoka maofisini, watu wa jikoni hukaa meza ndefu kando ya dirisha na kula. Ni chakula kile kile kitakachouzwa, na ni haki ya kila anayefanya kazi pale. Siku ya kwanza Adelina alisimama na kitambaa chake mkononi, akawatazama wakipakua, kisha akateremka kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Vumilia alimfuata baadaye kuchukua simu yake, akamkuta kwenye benchi anakula mkate mtupu kutoka kwenye mfuko wa plastiki.

"Huli na wenzio?"

"Hapana, mama. Minazoea tu."

Vumilia alijua. Ananiambia alijua hapo hapo, kwa nini yule mwanamke aliyeambiwa si mtu wa kampuni anakula mkate mtupu chini ya makoti ya watu. Neno moja lingetosha kumpandisha ngazi. Lakini neno hilo lingeleta swali, na swali lingeleta jibu, na kabla ya Jumapili ya kukutana Wakongo wote wangejua nani analipiwa na nani. Adelina tayari alikuwa anasali na wenzake wanaokuja ukumbini kwetu. Vumilia akachukua simu yake, akapanda.

Baada ya siku chache mpishi mmoja akamuuliza, huyu ndugu yako mbona hali? Vumilia akajibu, "Anafunga." Waswidi wanaheshimu sana dini ya mgeni, hasa ikiwa hawaielewi. Tangu hapo wakawa waangalifu hata wasimwonyeshe Adelina chakula. Mpishi mmoja alikuwa akionja mchuzi, Adelina akipita, anageuka upande. Kwa hiyo hata yule ambaye angemkaribisha kwa bahati, naye alizibwa.

Hapo sikucheka tena. Nilimuuliza kama aliweza kumeza chakula chake mezani pale. Akasema alimeza, na hicho ndicho kinachomuumiza, kwamba alimeza wiki baada ya wiki.

Kuna mtu mmoja inabidi nimtaje. Kati ya wahandisi wanaokula pale kuna Mhindi anaitwa Manjunath, mtu wa upande wa Karnataka, ambako wanasema Kikannada. Vumilia humwekea chupa ya pilipili chini ya kaunta kwa sababu anasema chakula cha Kiswidi kinamfanya ahisi ana mafua. Siku moja alichelewa, kaunta imeshaanza kusafishwa, wakawa wawili tu. Vumilia, ambaye wiki nzima alikuwa anatafuta mtu wa kumuuliza asiye Mswahili, akamuuliza kwa Kiingereza kama kwao serikali inasaidia watu, na kama anayesaidiwa anaonekana vipi.

Manjunath akasema kwao wanatumia neno la Kiingereza, sabsidi, wakiwa ofisini. Lakini kijijini baba yake analiita sahayadhana. Sahaya ni msaada, dhana ni mali. Baba yake ni mkulima, na pampu yake ya maji aliipata hivyo, yeye akatoa kidogo na serikali ikatoa kilichobaki. Pampu ilipofika alitundika taji la maua juu yake, akaita majirani waione ikitema maji. Vumilia akauliza, "Hakuona aibu?" Manjunath akashangaa. Aibu ilikuwa kwa jirani aliyeachwa, alisema, yule hakutoka nje siku mbili. Kisha akaomba pilipili yake.

Vumilia alibaki na kitambaa mkononi. Alikuwa amemkumbuka baba yake mwenyewe, Mbozi, mwaka ule wa vocha za pembejeo. Mzee alirudi kutoka kwa wakala na mfuko wa mbolea ya ruzuku nyuma ya baiskeli, anaisukuma kilimani, anaimba. Watoto walikimbia kumpokea. Mahindi ya mwaka ule yalilipa ada yake ya shule. Hakuna aliyemwita baba yake ombaomba, na kama yupo ambaye angethubutu, Vumilia angemng'oa meno. Kumbe yeye mwenyewe alilelewa na kitu kile kile alichokitukana mbele ya pilau.

Ungedhani siku hiyo alikwenda moja kwa moja kwa Adelina. Hakwenda. Kuelewa na kusema ni mambo mawili, na katikati yake kuna uso. Aliamua atasema wiki ijayo, pole pole, kwa njia ya mzaha. Ilipofika wiki ijayo alikuwa na sababu nyingine.

Ndipo Adelina akaungua. Ilikuwa siku ya nyama ya nguruwe ya kuoka. Alifungua lile tanuri kubwa la mvuke peke yake, akavuta trei, mafuta ya moto yakamwagikia kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Hakulia. Aliweka trei mezani taratibu, akafuta sakafu, akateremsha mkono wa shati, akavaa glovu ndefu juu yake. Hakuna aliyeona isipokuwa Vumilia, aliyeona sehemu tu, akauliza kama ameumia. Adelina akasema ni kidogo. Kesho yake akaja na glovu. Keshokutwa akaja na glovu. Akawa anaosha vyombo kwa mkono mmoja, na ule mwingine anaushikilia karibu na tumbo, na usoni ana jasho hata akiwa amesimama kwenye chumba cha baridi.

Vumilia alimwambia aende hospitali baada ya kazi. Adelina akajibu, "Haina shida." Vumilia akasema, "Haya."

Asubuhi iliyofuata Nora alikuwa anakagua usafi, akamwambia kila mtu avue glovu anawe mbele yake. Adelina akasita. Nora akadhani hajaelewa, akamwonyesha kwa vitendo. Adelina akavua. Aliyesimama karibu alirudi nyuma hatua moja kwa harufu. Ngozi ilikuwa imevimba na kuiva, na shati limegandia kwenye kidonda.

Nora hakupiga kelele. Alimkalisha kwenye kiti cha kiofisi kile kile, akampigia simu mtu wa kliniki, kisha akamwita Vumilia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akataka kujua ni lini. Vumilia akauliza, akajibiwa, akasema, siku ya nyama. Nora akauliza kwa nini hakumwambia mtu. Hapa kila anayeumia kazini husema siku hiyo hiyo, hupelekwa, hupumzika, na mshahara wake haupotei. Kwa nini huyu alinyamaza?

Vumilia akatafsiri swali. Adelina hakumtazama Nora. Alimtazama Vumilia, bila lawama yoyote, kama mtu anavyomtazama wakili wake.

"Mwambie anisamehe, mama," alisema. "Minajua mi si mutu wa kampuni, mi ni mutu wa ruzuku. Mutu wa ruzuku akiumia, si watamurudisha kwa serikali? Wewe uliniambia tangu mwanzo, na mi nilishika. Mwambie nitatumika hata na mukono moja."

Nora akamgeukia Vumilia, anangoja.

Ananiambia kwamba hapo alikuwa na jibu tayari. Angesema tu, "Anasema aliogopa." Lisingekuwa hata uongo. Nora angetikisa kichwa kwa masikitiko, Adelina angepelekwa kliniki, mkono ungepona, na Jumapili Mama Jasho angeingia ukumbini na gauni lake la mikono ya kupuliza. Neno lilikuwa ulimini. Alimtazama Adelina, akauona ule mkono umelazwa juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine.

Akatafsiri yote. Mtu wa kampuni, mtu wa ruzuku, kurudishwa, mkono mmoja. Kiswidi chake kiliparaganyika njiani lakini hakuacha kitu.

Nora akakunja uso. "Lakini nani alimwambia mambo hayo?"

"Mimi."

"Hukunielewa siku ile?"

Huo nao ulikuwa mlango, na Nora alikuwa ameufungua kwa wema. Mgeni hakuelewa Kiswidi, nani angemlaumu? Vumilia akasema, "Nilikuelewa. Niliona aibu kwamba mimi pia nalipiwa. Nikamwambia ni yeye tu." Akaongeza kwamba Adelina hafungi chakula hata siku moja. Hilo nalo alilitunga yeye.

Nora alisogea kando, akampisha mbele ya Adelina. Vumilia anasema angetukanwa angepata nafuu. Mwishowe Nora akasema, kwa sauti ya chini, "Mwambie sasa."

Akamgeukia Adelina. Anasema hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Adelina, nilikudanganya," alisema. "Nora alisema mimi na wewe tuko sawa. Mimi pia nalipiwa na serikali, tangu siku ya kwanza, na mpaka leo. Wewe ni mtu wa hapa kama mimi. Ukiumia unatibiwa. Ukiugua unalala nyumbani, na hawakufukuzi. Na chakula kile cha saa nne na nusu ni chako, kama cha wote."

Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi, la mkono ule mzima. Kupitia kioo cha ofisi Adelina aliitazama meza ndefu kando ya dirisha, ambako wapishi walikuwa wanaanza kupanga sahani. Mmoja alikuwa anamwaga maji kwenye glasi. Alihesabu, au alionekana kama anahesabu, midomo yake ikichezacheza. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayetaka tu kuwa na hakika.

"Donc siku hizi zote ningeweza kula?"

Vumilia akasema, "Ndiyo."

Nora akawatazama wote wawili. "Anasema nini?" akauliza, na mle ofisini hakukuwa na mwingine wa kumwambia ila Vumilia.